Kusimulia Visasili vya Ugiriki kwa Vijana: Rudisha Kilichokatwa

Kisasili cha kwanza nilichokisimulia upya kwa wasomaji wa miaka 13 hadi 16 kilikuwa cha Icarus, na nilikisimulia vibaya. Nilikiandika kama nilivyokisikia utotoni: baba fundi anamtengenezea mwanawe mbawa za manyoya na nta, anamwonya asilikaribie jua, mtoto hasikii, nta inayeyuka, naye anaanguka baharini. Msichana mmoja wa kidato cha pili alipomaliza kukisoma aliniuliza ni kitu gani kilichompeleka baba huyo Krete, mbali na kwao Athens, hata ikambidi atoroke kwa kuruka. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimelitafuta.

Nilirudi kwa Ovid, mshairi Mrumi aliyekisimulia kisa hicho mwanzoni mwa karne ya kwanza, na huko nikakuta mambo mawili ambayo masimulizi ya watoto huyaacha. La kwanza ni kwamba onyo la Daedalus, baba huyo, lilikuwa na pande mbili. Alimwambia mwanawe ashike njia ya katikati, kwani akishuka mno maji ya bahari yatayalemea manyoya, na akipanda mno jua litayaunguza. La pili ni zito zaidi. Dada yake Daedalus alikuwa amemkabidhi kaka yake mwanawe wa miaka 12 ajifunze ufundi. Mtoto huyo, kwa kuutazama mfupa wa mgongo wa samaki, akabuni msumeno, kisha akabuni bikari, na mjomba wake akashikwa na wivu hata akamsukuma kutoka juu ya ngome ya Athena. Mungu huyo wa kike alimdaka angani akamgeuza kwale. Siku Daedalus alipokuwa akimzika Icarus, kwale huyo alikuwa karibu, akipiga mbawa zake kwa furaha.

Nilipokiandika tena kisa hicho pamoja na kwale wake, hakikuwa tena somo la kumtii mzazi. Kilikuwa habari ya mtu mzima aliyemwangamiza mtoto mwenye kipaji kuliko yeye, akakimbilia Krete kwa sababu hiyo, kisha akampoteza wa kwake, na vijana walikijadili kwa muda mrefu kuliko kisa chochote nilichokuwa nimewapa kabla ya hapo. Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuwaandikia vijana visasili hivi umekuwa mmoja: usianzie kwenye muhtasari wa mtu mwingine, bali utafute utungo wa kale wenyewe, hata kama ni katika tafsiri, na uangalie kwa makini sehemu ambayo masimulizi ya watoto yameikata. Mara nyingi ilikatwa kwa kuwa inawaonyesha watu wazima wakikosea, na kijana wa miaka 14 anauliza jambo hilohilo kila siku nyumbani kwao.

Upande wa lugha, Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Hades ni jina la mungu na pia la makao yake, jambo linalowachanganya wasomaji wa lugha nyingi, lakini sisi tunalo neno Kuzimu, kwa hiyo jina Hades libaki la mwenye enzi peke yake. Vilevile, tusiseme sanduku la Pandora, yule mwanamke aliyefungua chombo na kuyaachia maovu duniani. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, alizungumzia chombo kikubwa cha udongo cha kuhifadhia nafaka, mvinyo au mafuta, na sanduku liliingia kisani katika karne ya 16, pale msomi Erasmus alipotumia neno jingine katika Kilatini chake. Kwetu chombo hicho ni mtungi mkubwa, kasiki hasa, na msomaji akilisikia neno hilo anakiona chombo mara moja. Majina nayo yapunguzwe bila huruma: asiyetenda jambo katika kisa chako asitajwe.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kuchanganya matoleo. Kwa Hesiod, yapata mwaka 700 KK, Medusa, yule mwenye nyoka kichwani, ni mmoja wa dada watatu, na ndiye peke yake anayeweza kufa. Poseidon, mungu wa bahari, analala naye katika konde laini lenye maua ya majira ya kuchipua. Ni Ovid, karne saba baadaye, anayesema kwamba alikuwa msichana mzuri aliyebakwa na mungu huyo hekaluni, kisha nywele zake zikageuzwa nyoka kama adhabu. Ukivishona visa hivyo viwili pamoja, unampa kijana Medusa ambaye mtunzi yeyote wa kale hakumjua. Chagua mmoja, umfuate hadi mwisho, na umweleze msomaji kwamba yupo mwingine. Ukimchagua Ovid, litumie neno kubaka. Haifai kueleza tendo lenyewe, lakini ni kosa kubwa zaidi kuandika kwamba Poseidon “alimpenda”, kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wako anaweza kuwepo anayeijua tofauti hiyo kwa machungu.

Kisa kilichonifundisha mengi kuliko vyote ni cha Persephone, katika utenzi wa kale wa Kigiriki wenye mistari 495 unaomhusu mama yake, Demeter, mungu wa kike wa mazao. Msichana anachuma maua, ardhi inapasuka, Hades anamnyakua. Ambacho hukatwa ni kwamba Zeus, mfalme wa miungu na baba yake mzazi, alikuwa ameshakubali. Mama hakuambiwa, na msichana hakuulizwa. Demeter anazunguka siku tisa na mienge mikononi, hali chakula wala haogi, na Jua, ambalo kwa Wagiriki ni mungu, linapomfunulia habari linamwambia kwa maneno ya kumtuliza kwamba Hades si mkwe wa kudharauliwa, maana ana cheo na ni wa ukoo. Nilipowasomea vijana sehemu hiyo walinyamaza kabisa, kisha mmoja akasema kwamba hayo ndiyo maneno aliyoyasikia shangazi yake akiambiwa.

Demeter anajibu kwa kuizuia ardhi isizae, hadi binadamu wanakaribia kuisha na miungu inakosa sadaka, na Zeus analazimika kumrudisha binti. Kabla ya kumwachia, Hades anamlisha punje ya komamanga, na kwa sababu ya punje hiyo atakaa Kuzimu theluthi ya kila mwaka. Kwa Ovid punje ni saba, na msichana anazila mwenyewe. Utenzi wa Kigiriki una jambo la ajabu zaidi. Msimulizi anasema Hades alimpa punje kwa siri, bila kutaja nguvu. Lakini Persephone anapomsimulia mama yake, anasema alilazimishwa kuila, tena asitake.

Katika rasimu yangu ya kwanza nilizipatanisha kauli hizo, nikaandika kwamba alilazimishwa, nikidhani ninamtetea. Wasomaji wangu wawili niliowaonyesha utenzi wenyewe katika tafsiri walikasirika. Mmoja alisema msichana yule hakuhitaji kutetewa na mimi ilhali amejieleza kwa kinywa chake. Mwingine alisema huenda aliila kwa njaa, akaogopa kumwambia mama aliyeuangamiza ulimwengu kwa ajili yake. Walibishana mchana mzima. Niliifuta aya yangu, nikaiacha kauli ya msimulizi mahali pake na kauli ya Persephone mahali pake, kurasa tatu mbele, bila neno langu katikati.