Kabla hujabofya "kubali zote"

Ukishaunganisha programu ya kufuatilia uwekezaji na akaunti ya dalali wako wa hisa, au ukishaipa faili la miamala ulilopakua kwake, iwe ni Quicken, GnuCash au Portfolio Performance, kazi inaonekana imeisha. Miamala ya mwaka mzima inaingia yenyewe. Wengi wanaoanza hutazama idadi ya hisa, wakiona inalingana na ya dalali wanabofya "kubali zote" na kufunga kompyuta. Lakini idadi inaweza kulingana huku gharama ya kununulia imevurugika, na usijue mpaka siku unayouza.

Chukua Nvidia. Juni 2024 kampuni hiyo iligawanya hisa zake, kila moja ikawa kumi. Tuseme ulikuwa na hisa 2 ulizonunua kwa dola 900 kila moja. Sasa unazo 20, na fedha uliyoweka ni ileile dola 1,800, yaani dola 90 kwa hisa. Shida ni kwamba faili la dalali huenda lisiseme kuwa hisa zimegawanywa. Linaleta mstari mmoja mkavu: hisa 18 zimeongezwa, bei sifuri. Ukiuza 5 kwa dola 120, programu inayoanza na hisa zilizonunuliwa mwanzo itahesabu mbili kwa dola 1,800 na tatu za bure, kisha itakutangazia hasara ya dola 1,200. Ukweli ni kwamba umepata faida ya dola 150. Dawa yake ni kufuta mstari ule na kuandika mgawanyo kwa mkono.

Ukihamisha hisa kutoka kwa dalali mmoja kwenda kwa mwingine, angalia jambo hilohilo: mara nyingi zinafika bila kumbukumbu ya gharama ya kununulia. Quicken nayo, ikikosa historia ya hisa fulani, huweka kiingizo cha kuziba pengo ili idadi ikae sawa. Mimi sikipendi hata kidogo. Kinanyamazisha tatizo bila kulitatua.

Kwenye gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, aliyeko Tanzania au Kenya akiwa na hisa za Marekani hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 hukohuko, kwa kuwa nchi hizi hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Gawio la dola 10 linatakiwa kuonekana hivi: 10 zimeingia, 3 zimekatwa, na kama umechagua kununua hisa zaidi, 7 zimetumika. Programu ikikuandikia 7 tu kama gawio, salio litakuwa sahihi ila kumbukumbu ya kodi imepotea, na hiyo utaihitaji wakati wa kujaza ritani.

Miamala inayojirudia ni kero nyingine. Faili la OFX, muundo uliotengenezwa kwa ajili ya miamala ya fedha, huipa kila muamala namba yake ya utambulisho, hivyo ukipakua miamala ya Machi mara mbili programu hutambua. Faili la CSV, ambalo ni jedwali la maandishi matupu, kwa kawaida halina uhakika huo. Programu inalinganisha tarehe na kiasi tu. Hapo kosa huweza kwenda upande wa pili pia: oda yako imekamilishwa kwa vipande viwili vya hisa 5 kwa bei moja siku moja, programu inadhani ni nakala na kutupa kimoja.

Tarehe nazo zitazame kabla ya kuingiza. Mmarekani anaandika mwezi kwanza, kwa hiyo 03/04/2024 kwake ni tarehe 4 Machi. Ukichagua mpangilio wetu wa siku kwanza, 03/25 itakataliwa na utashtuka, lakini za tarehe 1 hadi 12 zitapita kimyakimya zikiwa zimegeuzwa.

Kwa hiyo ingiza mwezi mmoja kwanza, tena kwenye nakala ya faili lako. Linganisha mambo matatu na taarifa ya dalali: idadi ya hisa, fedha taslimu na gharama ya kununulia. Zile taarifa za PDF za kila mwezi zipakue mapema, hasa kama unafikiria kufunga akaunti, maana madalali wengine huruhusu kupakua miamala ya miezi michache tu iliyopita.