Timu Tuliyoikuta Nyumbani

Wiki iliyopita jarida hili liliwauliza wasomaji kwa nini Uwanja wa Amaan hufurika Simba au Yanga zinapovuka bahari kuja Unguja, ilhali klabu zetu wenyewe zinapocheza Ligi Kuu ya Zanzibar majukwaa huwa matupu, na nini kifanyike ili mashabiki warudi. Swali hilo limenichoma, kwa sababu linachukulia kwamba kasoro iko kwa shabiki. Mimi ningependa tuulizane kwanza shabiki wa zamani alipatikana vipi, maana wengi wanaolizungumzia jambo hili wanadhani kwamba sisi tuliokulia mtaa wa Malindi, hapa Unguja, katika miaka ya 1980 tuliichagua timu yetu kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Hatukuichagua. Tuliikuta nyumbani.

Ninaposema nyumbani sisemi kwa mafumbo. Jezi zilikuwa zikifuliwa kwa zamu katika nyumba za mtaani, na zamu ilipoangukia kwetu, furushi lililetwa jioni likiwa bado na tope la kiwanjani, na mama akaliloweka usiku ule ule. Nakumbuka masika moja ambapo mvua ilikataa kabisa kukatika. Siku ya mchezo ilikuwa imefika, timu ilikuwa inakwenda kucheza uwanja wa Mao Zedong alasiri, na jezi zilikuwa zimetundikwa ukumbini, darini na hata juu ya reli ya kitanda cha bibi, zote zikiwa mbichi. Baada ya sala ya adhuhuri mama alinituma nyumba kwa nyumba kuomba pasi za mkaa. Zilikuja pasi pamoja na wenyewe: shangazi alikuja na yake, jirani wa ng'ambo ya kichochoro akaja na yake na makaa yake juu, na bibi mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza habari za mpira aliketi mkekani, akavuta jezi mbili na kuanza kuzipiga pasi pole pole, akizinyanyua kila mara kuzinusa zisije zikaungua.

Iliungua moja. Ilikuwa ya beki wetu wa kati, na tundu lilikaa mgongoni, chini kidogo ya namba. Hapakuwa na jezi ya akiba wala pesa ya kununua nyingine, kwa hiyo mama alikata kipande cha kanzu kuukuu, akakishona kwa mkono huku shangazi akimhimiza kwamba wakati umekwenda. Beki mwenyewe alikuja kuichukua, akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akamjibu, "Marahaba, baba. Hiyo imeshonwa kwa haraka, usimpe mtu nafasi ya kukuvuta." Aliivaa pale pale barazani juu ya fulana yake, na sisi watoto tukamfuata, kupitia Darajani na Kisiwandui hadi Kikwajuni, kiraka cheupe kikitangulia mbele yetu.

Mchezo wenyewe ulikwisha bila bao. Ninachokumbuka ni kwamba kila beki yule aliporuka kupiga kichwa, watu wa upande wetu walikitazama kiraka, kwa kuwa habari yake ilikuwa imeshaenea uwanja mzima. Tuliporudi, wanawake hawakutuuliza matokeo, ambayo walikuwa wameshayasikia barazani. Waliuliza kama kiraka kilishika. Kilishika.

Timu hiyo, Malindi, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1989 na tena 1992, mbele ya vigogo wa Bara, kama KMKM ilivyofanya mwaka 1984. Watu wanaponiambia leo kwamba Mzanzibari kwa tabia yake hushabikia timu za Dar es Salaam, huwakumbusha miaka hiyo. Ni kweli kwamba hata wakati huo karibu kila mtu alikuwa na Simba au Yanga yake pembeni, na baraza ziligawanyika kwa hilo, lakini timu ya mtaa ndiyo iliyotangulia, kwa sababu ilikuwa na nyumba, ilikuwa na jirani, na mchezaji aliyecheza vibaya Jumapili alilazimika Jumatatu kupita mbele ya watu wale wale akienda sokoni.

Tazameni sasa orodha ya timu zilizotawala ligi yetu kwa miaka mingi: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, Polisi, Kipanga. Zote ni za vikosi vya ulinzi na usalama. Nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia kusema kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipo, kwamba kikosi hakina mtaa, hakina baraza, na hakuna mtoto anayetumwa kuazima pasi kwa ajili ya jezi za kikosi. Bado naamini hivyo. Lakini haki lazima isemwe. Klabu za mitaa tunazozililia hazikuwa na mshahara. Mchezaji akivunjika mguu alichangiwa msikitini na barazani, na mchango ukiisha ulikuwa umekwisha. Kikosi humpa kijana ajira na mahali pa kwenda miguu ikichoka. Kiungo Feisal Salum, ambaye nchi nzima inamwita Fei Toto, alipitia JKU. Mwanangu angekuwa na kipaji na akaniuliza aende wapi, ningemwambia aende kikosini, na ningemwambia bila kusita, ingawa moyo wangu ungebaki Malindi.

Wala siwezi kusema kwamba mapenzi yamekufa. Mlandege, timu yenye jina la mtaa, ilitwaa Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na Januari 2024 ikalitwaa tena kwa kuifunga Simba bao 1-0 pale pale Amaan iliyokuwa imetoka kukarabatiwa. Najua kombe moja la Januari si ligi ya mwaka mzima, na wapo watakaosema kwamba bila Simba upande wa pili furaha ile isingekuwa kubwa hivyo. Labda. Hata hivyo furaha yenyewe ilikuwa ya kweli.

Kwa hiyo, kama mhariri anataka jibu la nini kifanyike, langu ni dogo kuliko hasira niliyoanza nayo. Vikosi vibaki, maana bila wao vijana wengi wangecheza bila riziki, lakini kila kikosi kipewe mtaa au shehia ya kuilea, kifungue mazoezi yake kwa watoto wa hapo na kichukue vijana wake huko kwanza. Michezo ya ligi ichezwe zaidi Mao Zedong, ambako uwanja umejengwa upya kwa msaada wa China na watu mia chache huonekana kuwa wengi, na kwa Pemba ichezwe uwanja wa Gombani kwa saa ambazo mtu wa Wete au Mkoani atapata gari ya kurudia. Kama hayo ni magumu kwa sasa, basi angalau ratiba ibandikwe Darajani na barazani Jaws Corner, kule Mji Mkongwe, siku kadhaa kabla, maana hivi sasa mtu anaweza kukaa Malindi na asijue kwamba Malindi inacheza leo.