Kabla hujataja miezi: kwa wanaoanza kliniki ya saratani Kisumu

Jamaa wa mgonjwa wakishasikia neno saratani, swali lao ni moja: "Daktari, atapona?" Wewe uliyeanza kazi juzi utatamani kuwajibu papo hapo. Kama mgonjwa anaishi na HIV na majibu ya biopsi (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) yamesema limfoma ya plasmablasti, saratani kali ya seli B, yaani chembe za kinga za damu, jizuie kwanza.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1997 kutokana na wagonjwa 16, ambao 15 kati yao walikuwa na HIV, na uvimbe wao ulikuwa kinywani. Ni nadra, na kwa hivyo hakuna anayeufikiria. Mtoto akivimba taya huku kwetu Nyanza, watu hutaja Burkitt, limfoma ya watoto inayojulikana sana huku, mara moja, na mara nyingi huwa wamepatia. Mtu mzima akivimba ufizi, hudhaniwa ni jipu la jino. Jino linang'olewa, kidonda hakifungi, anaongezewa antibiotiki, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wakati huo seli zinazaana kwa kasi ya ajabu: kipimo cha Ki-67, kinachoonyesha ni seli ngapi zinagawanyika, mara nyingi hupita asilimia 90. Mimi naona sehemu kubwa ya hatima ya mgonjwa huamuliwa hapa, kabla hajafika kwetu. Kwa hiyo ufizi uliovimba na usiopoa kwa mtu mwenye HIV ukatwe kipande kidogo cha nyama, kiende maabara ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya kutosha, na fomu ieleze hali yake ya HIV. Mtaalamu wa patholojia asipojua hilo anaweza kudhani ni mieloma, saratani nyingine ya uboho, maana kwa darubini zinafanana sana.

Jambo jingine ni CD20, alama iliyo juu ya seli. Limfoma nyingi za seli B huwa na alama hiyo, na dawa ya rituximabu hushika hapo. Hii kwa kawaida haina, kwa hivyo dawa haina pa kushika. Usiache familia iuze ng'ombe kuitafuta. Kuhusu kemo, wengi hupendelea mchanganyiko wa dawa uitwao EPOCH kuliko ule wa CHOP, ingawa ushahidi kwamba inarefusha maisha zaidi bado ni hafifu.

Sasa hiyo miezi. Mapitio ya wagonjwa wenye HIV yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitoa miezi 15 kama muda wa kati wa kuishi. Wanaoanza huisoma kama tarehe ya kufa. Maana yake ni kwamba nusu walifariki kabla ya hapo na nusu wakavuka, baadhi yao kwa miaka. Ugonjwa ulio sehemu moja tu una nafuu kuliko uliosambaa, na uvimbe unaoyeyuka kabisa kwa kemo ni habari njema kuliko takwimu yoyote. Jeni ya MYC, inayosukuma seli kukua, ikivurugika hupunguza matumaini. Hivyo mimi husubiri nione alivyoitikia mizunguko ya mwanzo ndipo nizungumze kwa uzito.

ARV zisisimamishwe. Lakini angalia anatumia zipi: aliye kwenye TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) hana shida kubwa, ila ritonaviri hupandisha vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, mwilini hadi neva zikaumia, na zidovudini hukandamiza uboho ambao kemo tayari inauumiza. Ongea na wenzako wa kliniki ya HIV kabla ya dozi ya kwanza. Na usisahau maji na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, kwani uvimbe wa kasi hivi unaweza kuvunjika ghafla ukaziangusha figo.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawafundishwi darasani. Ukiwaeleza jamaa kwa nini ugonjwa huu ni mkali, utajikuta umetaja HIV, na huenda shemeji aliyemleta kutoka Bondo hajui chochote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu HIV inalinda siri hiyo, hata mbele ya anayelipa bili. Kabla ya kuita familia ndani, mtoe mgonjwa kando, umuulize: nani anajua, na anajua nini? Andika jibu lake kwenye faili mahali ambapo daktari wa zamu ya usiku ataliona.