Maswali na majibu: Historia ya ukoo wako iko kwa bibi yako, sio kwangu

Naomba unitumie historia ya ukoo wetu, sisi ni Wangoni wa Songea. Naihitaji kabla ya kikao cha familia Jumamosi.

Hili swali linakuja kila wiki, kinachobadilika ni kabila tu. Ndugu yangu, historia ya ukoo wako mimi naitoa wapi? Nikikwambia Wangoni walitoka kusini wakavuka Zambezi mwaka 1835 hilo hata mtoto wa sekondari analijua. Lakini babu yako alioa kwa nani, shamba la bondeni lilikuwa la nani kabla yenu, kwa nini shangazi mkubwa aligoma kuja kwenye msiba wa kaka yake, hayo yako kwa watu wa kwenu peke yao na hujaniambia hata mmoja uliyemuuliza. Leo jioni mpigie simu mtu mzima kuliko wote kwenu, muulize mambo matatu tu: mama yake mzazi aliitwa nani, alizaliwa kijiji gani, alizikwa wapi. Ukiingia kikaoni na hayo matatu tayari una kitu cha kuwaambia watu.

Bibi yetu hajui mwaka aliozaliwa. Kitambulisho kinasema 1940 lakini walikadiria. Tutajuaje?

Swali zuri hili, nakaa nalo. Kwanza acheni kumuuliza "bibi ulizaliwa mwaka gani", mnamtia unyonge bure. Muulizeni alikuwa mkubwa kiasi gani jambo fulani lilipotokea. Uhuru unaingia Desemba 1961 alikuwa ameshaolewa? Mgongoni alikuwa na mtoto yupi? Kama ni mtu wa Lindi muulizeni kimbunga cha 1952 kilimkuta wapi. Kama ni wa Ugogo, muulizeni mama yake alizaliwa kabla ya ile njaa ya mtunya, ya baada ya Wajerumani kuondoka, au baada yake. Wa miaka ya sabini wanakumbuka mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano, hata harufu yake watawasimulia.

Bibi yangu mimi alisema hivi: "Nilivunja ungo mwaka ule babu yako anarudi mara ya kwanza kutoka mkonge." Basi. Kila mtu alicheka akaendelea na chai. Miaka baadaye tukafungua kopo la kahawa la babu, ndani kuna kipande chake cha manamba, yaani kibarua wa mkataba wa shambani, kikaratasi kigumu chenye viboksi 30, kila siku ya kazi imewekewa alama ya wino, pembe moja imeliwa na wadudu, jina lake wamelikosea herufi mbili, na juu pameandikwa Machi 1951. Babu alikuwa mmoja wa wale waliobebwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza 1944 kukusanya watu wa kusini na magharibi kuwapeleka Tanga na kwingineko. Kwa hiyo bibi 1951 au 1952 alikuwa na miaka kama kumi na nne, kumi na tano. Tukaandika "alizaliwa kati ya 1936 na 1938", na chini yake tukaandika tumejuaje. Msiandike mwaka mmoja kama mnaujua wakati hamuujui, mjukuu wenu atauchukua kama ulivyo.

Nimepeleka cheti cha ndoa cha babu kulaminetiwa ili kisiharibike, nimefanya vizuri?

Hapana. Moto na ile gundi havitoki tena, na kama karatasi ilishika unyevu umeufungia humo humo. Vilivyobaki viweke kwenye bahasha ya karatasi, sanduku lisiguse sakafu wala ukuta, mchwa hawapigi hodi.

Picha za zamani zimegandana kwenye albamu, nizibandue?

Usizivute. Kama hazitoki piga picha hivyo hivyo zikiwa kwenye albamu, nje kivulini asubuhi, simu ikae sambamba na picha, flashi izimwe. Alafu, na hapa ndo huwa nagombana na watu, picha isiyo na majina haitamsaidia mtu. Nimeona albamu nzuri sana, watu wamevaa suti, wako mbele ya gari, na hakuna mtu hata mmoja aliye hai anayeweza kusema ni kina nani. Andika nyuma kwa penseli, kalamu ya wino inapenya mpaka kwenye sura. Na ukizituma kwenye grupu la familia zitume kama dokumenti, ukituma kawaida inapunguzwa na unabaki na ukungu.

Tuna kaseti ya marehemu baba akihutubia harusi ya 1987, redio ya kaseti hatuna.

Kabla ya kuicheza iangalie utepe kama una ukungu mweupe, ukiuona usiicheze. Kama ni safi zungusha kwa penseli taratibu mwanzo mpaka mwisho uone hauna mahali umenasa. Tafuta fundi redio wa zamani mtaani, wapo, mwambie akuunganishie waya kutoka tundu la hedifoni mpaka kwenye kompyuta, irekodi yote mara moja bila kukata, hata zile dakika za kelele za watu na vyombo. Kaa hapo hapo wakati inarekodiwa. Mimi niliwahi kuacha kaseti mbili za kwetu dukani kwa mtu, niliporudi duka limehama na kaseti sijaziona mpaka leo, na moja ilikuwa na sauti ya mama akiimba.

Tunachora mti wa ukoo. Mjomba amesema waandikwe wanaume tu maana wasichana wanaolewa wanaondoka. Wewe unaonaje?

Naona mjomba amekosea na mumwambie kwa heshima lakini mumwambie. Hao walioondoka walikwenda wapi? Walikwenda kuzaa nusu ya watu mnaowaita ndugu. Na nyie mlizaliwa na nani kama sio na wasichana wa watu wengine waliokuja kwenu na habari zao, mbegu zao, nyimbo zao? Mti wa wanaume watupu ni nusu ya ukoo. Alafu sio kila mahali nchi hii ukoo unafuata baba, Waluguru ukoo wao unapita kwa mama, Wamakonde na Wamwera hivyo hivyo, sasa wa huko ukichora wanaume tu umechora nini?

Angalia tulivyofanya kwenye habari kubwa za taifa. Majimaji ukimuuliza mtu atakutajia Kinjikitile na Nduna Songea Mbano, nduna ni kiongozi wa Wangoni, vizuri, lakini pale mjini Songea mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga pia Nduna Mkomanile, mwanamke, na wengi wetu tumemaliza shule bila kumsikia. Kama mwanamke aliyefia vita anasahaulika hivyo, bibi yako aliyelima akalea watoto tisa atakumbukwa na nani usipomwandika wewe? Andika jina lake la kuzaliwa, sio "mama fulani". Mama Juma ni jina la Juma.

Kipimo cha DNA kitanisaidia kujua ukoo?

Hakitakutajia jina la bibi yako. Hela hiyo ipande nayo basi ukamuone.

Babu alizikwa kijiji cha zamani, tulihamishwa 1974 na sasa ni pori. Tutapapataje?

Poleni, familia zenye jeraha hili ni nyingi. Operesheni Vijiji ilibeba watu na makaburi yakabaki, na jina la kijiji likabaki na wazee wachache. Nendeni na mzee mmoja aliyekuwa mkubwa wakati ule, msiende na vijana watupu wenye simu. Ataanza na miti. Miembe mikubwa iliyokaa pamoja porini haikujiotea, pale palikuwa na nyumba. Tafuteni mawe ya jiko, vigae vya vyungu, njia ya kwenda kisimani. Mkipapata chukueni lokesheni kwenye simu alafu muiandike kwenye daftari pia, na muandike jina la kijiji, la mlima, la kijito, kama mzee anavyoyatamka. Ramani za serikali mengi hazina.

Nyaraka za zamani zinapatikana wapi?

Bara anza na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, yapo mafaili ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Unguja ni Kilimani. Ila kabla hujafika huko, nenda parokia au usharika wa kwenu uombe kwa adabu kitabu cha ubatizo, mara nyingi kina jina la mama. Na ujue vitabu vya wilaya viliandikwa na mabwana shauri, wale wakuu wa wilaya wa kikoloni, walioongea zaidi na machifu, msivibebe kama msahafu.

Bibi ametuambia kwa siri kwamba mama wa bibi yake alikuwa mtumwa. Wengine wanasema tufute, ni aibu. Sisi ni watu wa pwani.

Msifute. Tanganyika utumwa ulikomeshwa kisheria 1922, Zanzibar 1897, kwa hiyo huyo sio mtu wa hadithi za kale, bibi yenu labda amewahi kushikwa mkono na mtu aliyemjua. Aibu sio yake hata kidogo, aliyemnunua ndo wa kuulizwa. Lakini siri ni ya bibi, sio yenu. Muulizeni anataka isikiwe na nani na lini, akisema baada ya kufa kwangu basi iwe baada ya kufa kwake, rekodini sauti yake, wekeni nakala mbili kwa watu wawili wanaoaminiana, na isipelekwe kwenye grupu. Na kama anakumbuka jina la huyo mama, au jina la kwao kabla hajaletwa pwani, hata kama ni neno moja asilolijua maana yake, msilirekebishe. Liandikeni kama linavyotoka mdomoni mwake.