Jibu: Miwani ya jua kwa leza ya wati 5
Ndugu, umeuliza kama miwani ya jua inatosha kwa leza yako ya wati 5 ya kuchora mbao hapo Nkuhungu. Haitoshi kabisa! Leza ya buluu kama hiyo hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Jicho huukusanya kwenye nukta moja na retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huungua kabla hujapepesa, bila maumivu, hata mwanga huo ukiwa umeakisiwa tu na bati au skrubu. Tafuta miwani iliyoandikwa OD 5 au zaidi (OD ni kipimo cha kuzuia mwanga) kwa nanomita 450. OD 5 hupitisha sehemu moja tu ya mwanga huo kati ya 100,000. Miwani angavu ya leza za CO2 (aina nyingine, ya gesi ya kaboni dioksidi) hupitisha mwanga wa buluu, usidanganywe na bei. Vumbi letu la Dodoma hukwaruza lenzi: suuza kwanza, usifute kavu. Anayesogea kutazama naye avae yake.