Mwanangu, kuhusu swali lako la chuo

Mwanangu,

Jumanne usiku ulipopiga simu nilikuwa zamu, nasukuma kigari cha dawa koridoni. Ukaniuliza: uanze masomo ya haki jinai, yaani mambo ya polisi, mahakama na magereza, chuo cha jamii hapo Rochester, miaka miwili, kisha uhamie chuo kikuu cha jimbo kule Mankato umalizie digrii? Au usubiri hadi upate nafasi ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja? Nikanyamaza, nawe ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Ni mimi niliyekosa la kusema.

Lililonishika ni hilo neno haki jinai. Wajua tunakoishi. Mei 2020 George Floyd alipouawa na polisi hapa Minneapolis, pale njia panda ya 38th na Chicago, ulikuwa na miaka 17, nami wiki nzima nililala na funguo za gari chini ya mto ili usitoke. Aprili iliyofuata polisi wakamuua Daunte Wright, kijana wa miaka 20, hapo Brooklyn Center, jirani zetu kabisa. Mama gani atasikia mwanawe ataka kuingia humo asishike kifua?

Lakini Aprili hiyohiyo, tarehe 20, nilikaa garini maegeshoni nikisikiliza hukumu ya Chauvin, yule polisi aliyemuua Floyd, ikisomwa. Ana hatia, mara tatu. Nililia, halafu nikawaza wale walioandika ripoti, waliokusanya ushahidi, waliouliza maswali siku baada ya siku mpaka tukafika hapo. Watu hao walisomea mahali. Kama moyo wako uko huko, mimi ni radhi, na dua zangu ziko nawe.

Sasa swali lenyewe. Anza hapo Rochester, wala usisubiri. Umesema waogopa watu wataona umeshuka kwa kuingia chuo cha jamii. Hao watu hawakulipii kodi ya nyumba. Madarasa ya mwanzo ni yaleyale, uandishi, takwimu, saikolojia, na ada ni nafuu. Tena tangu msimu wa masomo wa vuli 2024 jimbo letu lina mpango wa North Star Promise: mkaazi wa Minnesota ambaye familia yake ina mapato chini ya dola 80,000 kwa mwaka hulipiwa karo iliyobaki katika vyuo vya umma, baada ya misaada mingine kuhesabiwa. Lakini lazima ujaze FAFSA kwanza, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Hujafika miaka 24, kwa hiyo itataka na mapato yangu. Nitumie mwaliko wa hiyo fomu, nitajaza sehemu yangu siku hiyohiyo.

Ninalotaka ulisikie zaidi ni kuhusu kuhama, maana huko ndiko nilikoumia.

Wakumbuka ile miaka ulikuwa ukilala kwenye kochi la chuo, umejifunika koti langu, nikisubiri kuonana na mshauri? Nilikuwa nahamia uuguzi. Bibi yule alipitisha kidole kwenye hati yangu ya matokeo, mstari kwa mstari, akisema "imepokewa, imepokewa." Nikafurahi. Kumbe krediti 14, vile vipimo vya masomo niliyomaliza, zilipokewa zikawekwa kwenye masomo ya hiari, na digrii yangu haikuhitaji tena masomo ya hiari. Niligundua muhula wa pili. Nikarudia maikrobiolojia nikiwa na miaka 41, nikitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, darasani saa mbili. Hakuna aliyenidanganya, mimi sikujua kuuliza. Kwa hiyo wewe usiulize kama somo litapokewa. Uliza litahesabiwa wapi, badala ya somo gani, na jibu likuje kwa maandishi.

Na wa kuulizwa ni Mankato wenyewe, kabla hujajiandikisha darasa la kwanza Rochester. Mshauri wa Rochester ni mtu mwema, lakini si yeye atakayekupa digrii ya mwisho. Tazama pia jina la digrii ya miaka miwili unayoichukua. Ile ya AAS, digrii ya miaka miwili ya sayansi tumizi, imeundwa kukupeleka kazini, na masomo yake mengine hayahamishiki vizuri. Mwambie mshauri wataka njia ya kuhamia chuo kikuu, na kwamba wataka kukamilisha zile krediti 40 za masomo ya jumla, wanaziita Minnesota Transfer Curriculum. Ukizimaliza zote, zinahama kwa pamoja kama furushi lililofungwa. Ukibeba nusunusu, zinapekuliwa moja moja.

Digrii kamili ni krediti 120, na 40 kati yake ni za masomo ya juu, ambayo chuo cha jamii hakifundishi. Usijaze miaka yako miwili kwa kila darasa la upelelezi linalokuvutia, halafu ufike Mankato huna nafasi. Hesabu za takwimu zichukue mapema. Najua huzipendi, na nakwambia hivyohivyo.

Usijifunge kwa sare tu, baba. Jimbo hili kwa kawaida linamtaka polisi awe na digrii, angalau ya miaka miwili, basi mlango huo huenda ukawa wazi kwako hata ukiishia hapo. Lakini kuna maafisa wa probesheni, wanaowasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya jela, kuna wanaowashughulikia watoto waliokosea, kuna wanaokaa na waathiriwa mahakamani. Nimewahi kumsindikiza mama mmoja wa Kikongo kortini. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno bila kuelewa hata moja, hadi mkalimani alipokuja kwenye simu. Nilikuwaza wewe siku ile, na Kiswahili chako.

Njoo Jumapili. Lete orodha ya madarasa ya Rochester na ile ya Mankato, zote zimechapishwa, zisiwe kwenye simu. Tutazitandaza mezani tuziwekee alama kwa kalamu. Nitapika mahamri na mbaazi, na mama mdogo wako mwambie aje pia, ana macho makali kwa karatasi.

Mamako