Bodi Haijafa, Mdogo Wangu: Ni Draiva Tu

Juzi usiku nimeletewa ujumbe na kijana wa Dodoma anayesoma diploma ya umeme. "Shikamoo kaka. Ile Arduino nimeipata lakini ni mbovu. Taa inawaka, ila laptopu haiioni kabisa. Muuzaji amekataa kuirudisha, anasema mali ikishatoka dukani basi. Nifanyeje?"

Nikaitika marahaba, nikamwomba picha moja ya bodi hiyo (Arduino ni bodi ndogo ya kielektroniki unayoipangia kazi kwa kompyuta): chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB, aipige penye mwanga wa kutosha. Picha ilipokuja nikaikuza mpaka maandishi yakasomeka: CH340G. Nikacheka peke yangu. Saa moja baadaye taa ya bodi yake ilikuwa inakonyeza kwa kasi aliyoipanga mwenyewe, na yeye ananitumia video ileile mara tatu kama mtu aliyepata mtoto.

Kwa nini nilicheka? Kwa sababu mimi jibu hilo nililinunua kwa hela.

Nilikuwa mwanachuo, bodi nimeitoa Kariakoo kwa pesa ya kula. Nikaichomeka, ikawaka taa nyekundu, Windows ikalia "ding", kisha kimya. Kwenye programu ya Arduino, menyu ya Tools, palipoandikwa Port, pamefifia hapabofyeki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kompyuta, mtu mwenye jina mtaani. Akaigeuzageuza, akainusa (kweli, aliinusa), akasema imeungua upande wa mawasiliano lakini anaweza kuifufua. Akataja bei. Nikalipa. Akaingia chumba cha nyuma na laptopu yangu na bodi, akatoka kabla hata sijamaliza soda, kila kitu kinafanya kazi. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Jioni nimekaa kitandani, nafungua folda ya Downloads, nakuta faili ambalo sikulishusha mimi: CH341SER.EXE. Halifiki hata MB 1. Huo ndio ulikuwa ufufuo.

Sina kinyongo. Nadanganya, ninacho. Kinyongo si cha hela, maana kazi ya mtu hulipwa. Ni kwamba aliniambia bodi imeungua, akijua haijaungua, na kwa muda mrefu nikawa naamini umeme una siri wanazozijua watu wa chumba cha nyuma tu.

Basi siri yenyewe hii hapa. Ubongo wa Arduino Uno R3 ni mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ATmega328P, nayo haijui lugha ya USB. Inahitaji mkalimani kati yake na kompyuta. Uno R3 zinazotoka kwa Arduino wenyewe hutumia chipu ya pili, ATmega16U2, kwa kazi hiyo, na ukisakinisha programu yao draiva yake inakuja humohumo. Bodi nyingi tunazonunua huku zina CH340 ya kampuni ya WCH ya Nanjing, China, kwa kuwa ni ya bei chee. Mkalimani huyu naye anataka atambulishwe kwa Windows, na programu ndogo ya kumtambulisha ndiyo draiva: lile faili la CH341SER.EXE. Hajatambulishwa, basi bodi inapata umeme, taa inawaka, mazungumzo hakuna.

Na tuache kuziita feki zote. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro ya bodi zake iko wazi. Yeyote anaruhusiwa kutengeneza. Feki ni ile iliyobandikwa nembo na jina la Arduino na watu wasiohusika. Iliyoandikwa "UNO R3" bila nembo ni halali kabisa, na mimi ndizo ninazotumia.

Utasikia watu wakisema Windows 10 na 11 hujitafutia draiva zenyewe. Kweli, kama una intaneti muda wote. Aliyeandika mwongozo huo hajawahi kuwasha laptopu bando limeisha. Kwa hiyo liweke faili hilo kwenye fleshi, utembee nalo. Lichukue kwenye tovuti ya WCH wenyewe. Zile tovuti za "free driver" zitakupa virusi na matangazo ya kamari.

Ukilifungua utaona kidirisha kidogo chenye kitufe cha INSTALL. Bodi ichomekwe kwanza, ndipo ubofye. Likijibu kwamba draiva imekuwa "Pre-installed", usishangilie: draiva imeingia, lakini kompyuta haioni bodi yoyote. Hapo mshukiwa wa kwanza ni waya. Nyaya nyingi za simu tunazonunua barabarani ni za kuchajia tu. Upasue mmoja uone: ndani kuna nyekundu na nyeusi peke yake. Ya kijani na nyeupe, ambazo ndizo zinazobeba data, hazimo. Waya mnene wa Uno, ule wa printa, hausumbui sana. Nano, yaani Arduino ndogo zaidi, na ESP32, bodi nyingine ya kazi kama hiyo, ndizo zinazoliza watu. Kwa ESP32 za micro-USB, chomeka simu ya zamani kwa waya huohuo: simu ikichaji tu na kompyuta isione mafaili yake, waya huo upeleke kitandani ukachajie.

Mambo yakikaa sawa, fungua Device Manager, sehemu ya Ports, utaiona imeandikwa USB-SERIAL CH340 na namba yake, mfano COM5. Namba hiyo ndiyo unayoichagua kwenye Tools. Ikiwa bado iko kwenye Other devices na alama ya mshangao ya njano, draiva haijaingia, rudia.

Programu yenyewe ya Arduino siipigii kelele. Nenda arduino.cc, shusha, bofya mpaka mwisho. Ila wenye laptopu za mtumba: toleo la 2 linataka Windows 10 ya 64-bit kwenda juu. Una Windows 7? Chukua 1.8.19, inatosha sana.

Sasa pale ambapo wengi hukata tamaa: poti imeonekana, unapandisha programu, inakataa. Vijana, someni ujumbe wa kosa! Naona mtu anapiga picha ya skrini nzima, anarusha kwenye kundi, anauliza "msaada", na jibu limo ndani ya picha aliyoituma. Ukikuta "Access is denied", poti imeshikwa na programu nyingine, mara nyingi ni Serial Monitor, dirisha la kusomea ujumbe wa bodi, uliyoiacha wazi. Ukikuta "stk500_recv(): programmer is not responding" na unatumia Nano ya mtumba au ya Kichina, nenda Tools, Processor, chagua ATmega328P (Old Bootloader). Arduino walibadilisha kianzishi (bootloader, programu ndogo ndani ya chipu inayopokea programu yako) cha Nano mwaka 2018, na watengenezaji wengi wa China bado wanaweka kile cha zamani, kinachoongea kwa kasi ya 57600 badala ya 115200. Na ukikuta "can't set com-state", jaribu kurudisha draiva ya CH340 kwenye toleo la 3.5 la 2019. Matoleo mapya huzigomea baadhi ya chipu ambazo zenyewe ni nakala ya CH340. Ndiyo, nakala ina nakala.

Msidhani balaa hili ni letu peke yetu. Oktoba 2014, FTDI, watengenezaji wa chipu ya aina hiyohiyo, walitoa draiva kupitia Windows Update iliyofuta namba ya utambulisho ya chipu za kughushi. Bodi za watu wa Ulaya na Marekani zilikufa mezani, na wengi hawakujua kama walikuwa wameuziwa za kughushi.

Wa Linux, draiva ya CH340 mnayo tayari ndani ya kernel, yaani kiini cha Linux yenyewe. Jiongezeni kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti, mtoke na kuingia upya. Kwenye Ubuntu 22.04 poti ya ttyUSB0 ikitokea na kupotea papo hapo, aliyeichukua ni brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu kwa wasioona. Kama nyumbani hakuna anayeitumia, iondoe. Wa ESP32, andaeni bando la maana, faili zake ni mamia ya MB, na ikikwama kwenye "Connecting....", shikilia kitufe cha BOOT mpaka iendelee.

Leo Nano ya CH340 ndiyo inayoongoza mashine yangu ya kutotoresha vifaranga, nyuzi 37.5, siku 21. Juzijuzi imetotoa vizuri kuliko nilivyotegemea, na mama, aliyekuwa akiniuliza nitaacha lini kuchezea nyaya, sasa ndiye anayepokea oda. Yule fundi bado ana duka. Nikipita namsalimia.

Ninachowaomba: ukijua, mwambie mwenzako. Lipisha muda wako ukitaka, ni haki yako, lakini usimwambie mtu bodi yake imeungua. Mtoto wa chuo aliyeambiwa hivyo huitupa kabatini na kurudi kwenye kukariri.

Na wewe unayetaka kuniandikia, karibu, ila njoo na vitu hivi: picha ya chipu iliyo karibu na USB, aina ya Windows au Linux uliyonayo, kinachoonekana kwenye Device Manager, na mstari wa mwisho wa kosa uliounakili kwa maandishi. Kabla ya kutuma, badilisha waya.